Mguu wa Aksanti

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kulowesha. Mabeseni uani, maji ya uvuguvugu, mama watatu wamekaa mkekani na watoto wao mapajani, miguu imezama. Plasta ikishalainika wanaitafuta ncha ya bandeji, wanazungusha, wanazungusha, mpaka mguu unatoka mweupe kwa unga. Kelele za watoto usiseme. Mimi ndani napanga bandeji kavu. Halafu namwita mmoja mmoja, nausogeza mguu kidogo kutoka ulipokuwa wiki iliyopita, naushikilia, nafunga plasta mpya mpaka juu ya paja. Kazi ileile ya Kigoma. Tofauti ni kwamba hapa nimekuja kujitolea, na hapa naitwa Maman Tanzania.

Aksanti leo amenifurahisha. Ana miezi minne, alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Wa kushoto umeshanyooka, bado kidogo tu. Wa kulia ni mkaidi lakini umekubali. Zimebaki plasta mbili. Daktari wa kukata mshipa wa kisigino anakuja kutoka Kigali Jumanne ya tarehe 25. Akikatwa mshipa, akavishwa viatu vile vyenye chuma katikati, atatembea kama mtoto yeyote. Asipokatwa miguu itarudi ndani, na maisha yake yote atatembelea ubavu wa nyayo.

Mama yake ana haraka. Ni mtu wa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, anavusha nyanya na dagaa wa sambaza kwenye daraja la Rusizi, au alikuwa anavusha kabla ya kuja kulala hapa kituoni. Mume amempa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Kila nikifunga plasta ananiuliza, "Hii njo ya mwisho?" Namjibu vibaya. Mtu akiniuliza jambo moja kila wiki napandwa na hasira, ndivyo nilivyo.

Wamechoka. Na mimi nimechoka hoi. Tangu nifike Kamembe, huku Rwanda, sijaona kitu zaidi ya ua huu na chumba changu kwa Mama Hadija. Nimewaambia, Jumamosi twende Bugarama, kwenye yale maji ya moto. Loo! Vigelegele. Mama Kevine, yule mkulima wa Rwimbogo asiyecheka hata akitekenywa, alisimama akacheza. Sikutegemea. Nimejiona mtu mwema sana leo.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee Anastase, mkuu wa kituo, ametoa pikapu na dereva. Kasema, "Uwaangalie." Nimemwambia mimi si mtoto.

Nimechemsha mayai. Mama Hadija ameacha cherehani yake kunikaangia sambusa, Mungu ambariki. Akina mama wamehangaika mchana kutwa kutafuta madumu, kila mmoja lake. Nikadhani ni ya maji ya kunywa njiani. Sikuuliza.

Nimefua kitenge changu cha njano. Nataka mahali penye maji safi na kivuli, nikae, nisisikie mtoto akilia. Hicho tu. Siombi makubwa.

Jumapili, 9 Juni

Jana sikuandika.  Leo naandika yote, maana nikiyabeba kichwani nitarukwa na akili.

Kwanza joto. Huku juu tuna ubaridi wa ziwa. Ukishuka Bugarama unavua sweta, kisha unatamani kuvua na ngozi. Mpunga pande zote, vinu vinanguruma, malori yanapita na vumbi lao kuelekea Burundi. Bwawa nililoliota halikuwepo. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, watu wamejaa, sabuni, nguo zinafuliwa pembeni, wazee wamezamisha magoti, vijana wanarukiana. Nilikasirika. Nilikasirika kweli, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kichwa kikaanza kugonga. Nikasema tule, tupumzike, turudi. Nikatandika kitenge changu chini ya mkaratusi, mbali, nikawapa wote mgongo. Dereva akaenda kutafuta soda.

Nilimsikia Aksanti akilia. Kilio chake nakijua. Nikasema moyoni, hicho si kile cha Alhamisi, cha kuloweshwa? Huwa analia hivyohivyo. Nikafumba macho. Haikunipitia akilini kwamba ilikuwa Jumamosi.

Mama Kevine ndiye aliyekuja kuniamsha. Maji yanamchuruzika mpaka kiunoni, anacheka. Kevine mkononi, plasta zinaning'inia vipande. Akaniambia kwa furaha, "Maman Tanzania, iko tayari! Kuja kuvuta."

 Nilikimbia na kiatu kimoja.

Mama Josué, yule mama wa tatu, alikuwa bwawani na mtoto wake, kwa watu wanaooga. Hapo maji ni ya uvuguvugu, plasta zimelainika tu, ngozi salama. Mama Aksanti hakuwa hapo. Alikuwa juu, kule maji yanakotokea kwenye jiwe. Hakuna aliyeoga kule. Alikuwa amechuchumaa, kamshika mtoto kwapani, mguu wa kulia umezama wote. Alianza na ule mkaidi. Anasali kwa Kimashi, lugha ya kwao, huku mtoto anapiga mayowe. Niliingiza mkono kwenye yale maji nikautoa palepale.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia mdomoni mwangu. Nikamnyakua. Nikaichana ile plasta kwa kucha, kwa meno. Plasta ilikuwa imeyanywa maji ya moto ikayashikilia kwenye ngozi. Kisigino kimewiva, malengelenge juu ya unyayo. Dereva alikuja mbio na maji ya chupa baridi tukammwagia, chupa moja, chupa nyingine. Bibi mmoja aliyekuwa analowesha magoti akanigombeza kwa Kinyarwanda. Dereva hakutaka kunitafsiria, nikamlazimisha. Alisema nimemtoa mtoto mapema mno, mifupa hutaka kukaa mle mpaka jioni.

Mama Aksanti hakulia. Aliinama akautazama mguu, akanitazama mimi. Akauliza, "Umenyooka?"

Madumu tuliyarudisha yamejaa yale maji. Hawakukubali kuyamwaga.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia Mzee Anastase. Nilitaka anifokee. Hakufoka. Aliuliza kidonda kitachukua muda gani. Nikasema wiki mbili, kikiwa na huruma. Akatazama kalenda ukutani, akahesabu siku kwa kidole. Bora angenitukana.

Muuguzi amesafisha, ameweka bandeji yenye mafuta. Mguu wa kulia haufungwi plasta mpaka ngozi ifunge. Daktari anakuja tarehe 25. Hesabu inakataa. Nimeipiga kila namna na inakataa.

Kevine na Josué nimewafunga upya. Aksanti nimemfunga wa kushoto peke yake. Wa kulia uko wazi na bandeji yake, mdogo, mwekundu, unarusharusha vidole.

Halafu nikawagombeza. Nimewaambia mara ngapi, plasta na maji ni marufuku? Mna masikio ya nini? Nilisema maneno mengine ambayo siyaandiki. Walitazama mkeka. Mama Aksanti aliendelea kunyonyesha kana kwamba nazungumza na ukuta.

Jumatano, 12 Juni

Leo kanijibu. Nilikuwa nambadilisha Aksanti bandeji, tuko wawili tu. Hakupandisha sauti. Naandika alivyosema; jeudi kwao ni Alhamisi.

"Kila jeudi unatuambia tuweke miguu mu mayi ya moto. Mayi inalainisha, weye unanyoosha. Sasa unasema twende Bugarama, ku mayi ya moto. Batu yote banajua ile mayi ni ya mifupa. Tukasema, leo Maman Tanzania anatusikilia huruma, anataka bamalize mbio. Kama haiko vile, ulitupeleka kufanya nini?"

Nikasema, kutembea. Kupumzika. Nikasikia upuuzi wake hata kabla sijamaliza. Mwanamke ameacha biashara yake na nyumba yake aje kukaa mkekani na mtoto wa plasta mbili, halafu nimpakie kwenye gari nimpeleke akakae kwenye nyasi.

Nikamuuliza kwa nini alipanda kule juu, kwenye maji makali. Akasema, "Bale benzangu beko na wakati. Miye siko nayo."

Jioni nilimweleza Mama Hadija. Akasimamisha cherehani. "Weye kweli ni mutu wa Ujiji," akaniambia. "Bugarama batu banaenda kutafuta dawa ao kutafuta muchele. Hakuna ya tatu." Kisha akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Kwa hiyo kila mtu alijua. Dereva alijua. Mzee Anastase alijua na akadhani nimewaeleza. Wale mama walitii nilichowafundisha, tena kwa bidii. Mimi peke yangu ndiye niliyekwenda Bugarama bila kujua Bugarama ni nini. Ningeuliza swali moja tu siku ya madumu. Moja.

Ijumaa, 14 Juni

Mguu unarudi. Jana nilijidanganya, leo siwezi. Kidole gumba kimeanza kugeuka, kinautafuta mguu wa pili.

Tunaushikilia kwa mkono. Nimemwonyesha mama yake, kidole hapa, gumba pale, usiguse kidonda, sukuma polepole, kaa hapo. Akichoka nashika mimi. Nikienda kwa Josué anashika yeye. Mama Kevine naye kaja bila kuitwa, akaweka mkono. Mtoto akilala ndiyo nafuu, misuli inalegea. Akiamka anavuta na kunipokonya. Mtoto wa miezi minne ana nguvu za ajabu akikataa jambo.

Haitoshi. Mkono si plasta. Plasta haichoki wala haiendi chooni.

Leo nilisali adhuhuri na kusahau sura niliyokuwa naisoma. Dua zangu zote zimekuwa mguu. Ya Rabbi, kisigino. Ya Rabbi, ngozi ifunge. Sina dua nyingine.

Jumapili, 16 Juni

Ameondoka.

Walikwenda misa asubuhi. Mama Kevine na Mama Josué wamerudi, yeye hakurudi. Godoro lake limekunjwa vizuri, mto juu yake, bakuli la kituo limeoshwa. Kwa hiyo alikuwa ameshaamua kabla ya kutoka. Wenzake hawakushangaa. Walijua! Nimewauliza kwa nini hawakuniambia. Mama Kevine akasema, "Ulikuwa unakasirika." Basi.

Ameondoka na plasta ya kushoto mguuni. Hilo ndilo linaloniua. Mtoto anakua, plasta haikui. Ikikaa sana inabana, vidole vinavimba, vinageuka rangi. Nimeshaona Kigoma mguu uliosahauliwa ndani ya plasta. Sitaki kuukumbuka na naukumbuka tangu asubuhi.

Nimeketi kutafuta namna ya kumpata. Naijua miguu ya mwanawe kuliko mikono yangu. Jina la ubatizo la mama sijui. Mtaa sijui. Ana watoto wengine? Sijui. Sikuwahi kumuuliza. Miezi miwili nimemshikia mwanawe kila Alhamisi na sikuwahi kumuuliza kitu.

Jumanne, 18 Juni

Darajani tangu asubuhi, Cyangugu. Jana pia.

Wanawake wanashuka kutoka upande wa pili kwa mamia, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Kila mgongo naukimbilia. Nachungulia vichwa vya watoto wa watu. Mama mmoja alinifukuza, akadhani nataka kumwibia. Nikiuliza, "Unamjua mama wa Aksanti?" wanacheka. Huku kwao Aksanti wamejaa, ukiita jina hilo sokoni wanageuka watu kumi. Nikasema, yule ambaye mtoto ana plasta. Wakatikisa vichwa. Labda wanamjua, labda wananificha. Ningekuwa wao ningemficha pia.

Askari wa mpakani aliniambia nisizibe njia. Nikasogea. Akaniambia tena. Nikamjibu ovyo, na nashukuru hakunielewa.

Kuvuka nimtafute? Bukavu ni mji mkubwa, milima na mabonde, ningeanzia wapi? Nilisimama nikautazama mji ule ng'ambo, nyumba juu ya nyumba mpaka ziwani, nikaona aibu kwa jinsi ulivyo karibu.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya kulowesha. Watoto wawili.

Nimemfokea Mama Josué kwa sababu ya maji kumwagika. Maji! Kisha nikaingia stoo ya bandeji nikafunga mlango nikalia mpaka kwikwi. Nataka kurudi kwetu. Nataka kula migebuka kwa mama yangu na nisiguse mguu wa mtu. Sifai. Nilikuja kusaidia, na mtoto aliyekuwa anapona nimemharibu kwa sababu nilitaka kukaa kivulini.

Mzee Anastase aligonga. Akasema niende nikapumzike nyumbani, wiki moja, mbili. Alisema kwa upole. Nikamwambia nitaondoka moja kwa moja kama ndicho anachotaka. Akasema hakusema hivyo. Nikasema basi asiseme chochote.

Leo ingekuwa siku ya kuitoa plasta ya Aksanti.

Jumamosi, 22 Juni

Nimempata mtu anayemjua.

Muuza nyanya, mnene, wanamwita Mama Riziki. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe karibu na wanapopanga mabeseni, nimekata tamaa, sikuwa hata nauliza tena. Yeye ndiye aliyenijia. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Ni weye ulichoma mutoto?"

Wote waligeuka. Ningeweza kueleza. Kwamba sikumwambia amzamishe, kwamba nilikuwa mbali, kwamba maji yale. Nilikuwa na maelezo mengi, nimeyapanga wiki nzima. Nikasema ndiyo.

Hakutegemea. Akakaa. Akaanza kugeuza nyanya zake, mbovu huku, nzuri kule. Akasema mtoto mzima, ananyonya vizuri, kidonda kinakauka. Nilishukuru Mungu kwa sauti, mpaka akaguna. Nikauliza plasta ya kushoto. Hakujua.

Ujumbe nilikuwa nao tayari tangu Jumapili. Mwambie arudi upesi, plasta itolewe, mguu unaharibika, daktari anakuja Jumanne, asipokuja mtoto atakuwa kilema. Nilifungua mdomo kuusema. Nikaona jinsi utakavyofika kule: Maman Tanzania anakasirika tena. Nikaumeza. 

Nikasema, "Mwambie ninaomba radhi. Plasta ailoweshe aitoe, anajua. Halafu muulize, yeye anaona tufanyeje."

Mama Riziki aliweka chini nyanya aliyoishika. Kisha akasema, "Ile ya mwisho, sema tena." Nikasema tena. Akalibeba beseni lake akaenda.

Sina uhakika wa lolote. Huenda hatamwambia. Huenda atamwambia na mwenzake atasonya.

Jumanne, 25 Juni

Daktari amekuja, amekwenda. Kevine amekatwa mshipa, Josué amekatwa. Dakika chache kila mmoja, mtoto analia, kwisha. Mama Kevine alinikumbatia akaninyanyua kutoka chini. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, mpaka daktari alipoinua macho akauliza, "Na wa tatu?"

Mzee Anastase alijibu kabla yangu. Alisema, hajawa tayari. Hakuniangalia. Daktari atarudi Agosti.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa karibu na tangi la maji. Sikulia. Machozi yameisha, nahisi nimekauka tu ndani. Darajani sikwenda leo, na kutokwenda kuliniuma kuliko kwenda.

Jumatano, 26 Juni

Mama Riziki amepanda mwenyewe mpaka kituoni, na jua lote hili. Sikuamini. Alikataa kiti. Akasimama mlangoni akatoa ujumbe kwa mfululizo, kama mtu aliyeurudia njia nzima.

Plasta ya kushoto Mama Aksanti aliitoa mwenyewe Alhamisi ya tarehe 20, hata kabla ya ujumbe wangu. Maji aliyajaribu kwanza kwa shavu lake. Kidonda kimefunga. Kulala Kamembe hatalala tena. Ana watoto wengine wanne nyumbani, mama mkwe amechoka nao, na pale anapouzia nyanya ameshakaa mtu mwingine, imebidi agombane kupata nafasi yake. Mume hakumwita. Alirudi kwa sababu mtoto wa pili alikuwa na homa na hakuna aliyemuuliza hapa kama ana mtoto wa pili. Daraja anavuka kila asubuhi hata hivyo. Kama kuna mutu anaweza kumufunga Aksanti platri karibu na daraja, mapema, nyanya zisipigwe na jua, atakuja kila jeudi. Kama hakuna, anamwachia Mungu.

Mapema, karibu na daraja. Ndivyo tu. Tangu mwanzo ingewezekana.

Kanuni ya kituo inasema mtoto alale hapa na mama yake. Nimekwenda kwa Mzee Anastase nimejiandaa kwa vita, nimekunja mikono ya gauni. Akanisikiliza. Akauliza plasta inahitaji nini. Nikasema meza, maji safi na mahali pasipo na upepo. Akauliza, Cyangugu hakuna meza?  Amenipa bandeji na ndoo. Amesema kanuni ile aliiandika mwenyewe na hakumbuki alikuwa anamfikiria nani.

Mama Hadija ana mdogo wake anayekaanga sambaza karibu na mpaka. Amekubali kutupa chumba cha nyuma. Mama Riziki ameondoka na jibu, na sambusa mbili.

Naogopa. Huenda atabadili mawazo. Huenda nitauona mguu ule na kuanguka.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeshuka Cyangugu mapema. Ukungu juu ya maji, harufu ya mafuta ya kukaangia. Nimefuta meza mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Alikuja. Beseni kichwani, Aksanti mgongoni. Tuliamkiana kama watu wa jirani. Akatua beseni kivulini, akamfungua mtoto, akakaa.

Wa kushoto umelegea kidogo, utarudi. Wa kulia umegeuka ndani, karibu na siku ya kwanza alipoletwa. Kisigino kina kovu la waridi, laini. Nililigusa. Aksanti hakulia, alinitazama tu, hanikumbuki vibaya bado. Nilimwambia mama yake ukweli. Wa kulia tunaanza upya. Agosti huenda tukafika, huenda tusifike, basi tutangoja daktari mara nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kama hii njo ya mwisho.

Nikamuuliza watoto wake wanaitwa nani. Akanitajia wote, na yule wa homa ameshapona.

Nikasogeza ndoo. Nikashika bandeji, bado kavu. Nikamuuliza kama nianze.

"Acha anyonye kwanza," akasema.

Nikairudisha bandeji mezani, nikakaa. Aksanti alinyonya titi moja, akalala kidogo, akaamka akadai la pili. Nje wanawake walikuwa wanapita na mabeseni yao wakiitana. Sikutazama saa. Alipotosheka, mama yake alimfuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akamlaza chali mezani. Akaushika mguu wa kulia mwenyewe, kidole hapa, gumba pale, akausukuma polepole mpaka ulipokubali.

"Haya," akaniambia. "Funga."